Mkono Usisimame

Shangazi, dada wa baba aliyenilea, alinikubalia nijiunge na kikundi cha taarabu cha wanawake wa mtaa wetu pale Tanga kwa sharti moja. "Siku utakayonikosea adabu kwa ajili ya hicho kidude," alisema, "utakirudisha siku hiyohiyo." Kidude chenyewe kilikuwa ukulele, kigitaa cha nyuzi nne, mali ya kikundi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kupenda kitu namna ile.

Aliyenifundisha ni mpiga tari wetu, mwanamke mwenye ulimi mkali. Vidole vya kushoto hakuvijali. "Mapigo yapo kwenye mkono wa kulia. Chini, juu, chini, juu. Ukikosa nyuzi upite hewani, lakini usisimame. Ukisimama, sote tumeanguka." Wangu ulikuwa unasimama. Kila nilipobadilisha vidole vya kushoto, wa kulia nao ulingoja. Mwishowe akaniambia harusi ya Tongoni ndiyo mtihani: mkono ukisimama, ukulele atapewa mwingine.

Tongoni ua ulijaa wanawake. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Katikati ya wa pili nikamwona shangazi anaingia. Alikuwa kijijini Mwera siku nne akiuguza mgonjwa, akaja harusini moja kwa moja. Alipenya mpaka mbele yangu, akaninyooshea mkono.

Mkubwa akikupa mkono unaupokea, tena kwa wa kulia. Wa kushoto ni tusi. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, shangazi." Chini, juu, chini, juu. Mkono wake ukabaki palepale. Mpiga tari alinikazia macho, na wanawake wa mbele waliacha kupiga makofi wakatutazama. Niliona aibu, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia pia: ubeti mmoja tu, asingoje? Akaurudisha mkono ndani ya buibui, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Sikukosa pigo hata moja usiku ule, wala sikufurahi.

Asubuhi nilimkuta uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Ukulele nilikuwa nayo kwapani, tayari kwenda kuirudisha. Nikapiga goti, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuacha kukuna. "Mkono wangu una kazi."

Nikabaki nimeunyoosha wangu. Akamaliza kizio cha kwanza cha nazi, akachukua cha pili, wala hakufanya haraka. Alipokimaliza akapangusa kiganja kwa kanga, akanipa mkono.

"Bega limekuuma?"

"Limeniuma, shangazi."

"Na langu jana liliuma hivyohivyo." Akaitazama ukulele. "Kakiweke ndani hicho kidude, kisha njoo ukamue tui."