Transfoma Iliyobaki Korogwe

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi wa simu Handeni, na kazi niliyoiringia kuliko zote ilikuwa kupima. Mashine yoyote ya umeme, kabla haijaunganishwa na waya wa simu, ilipita kwanza mikononi mwangu. Sharti lilikuwa moja: umeme wa jenereta usipate njia ya kuingia kwenye simu, maana anayeshika simu ni mtu. Kati yake na jenereta lazima ikae transfoma ndogo, haizidi ngumi.

Siku moja nikatumwa kijiji kimoja upande wa Kang'ata. Mkubwa mmoja alitaka hotuba yake isikike huko kwa njia ya simu, wananchi wote wakiwa uwanjani. Nilitakiwa kuunganisha simu ya ofisi ya kijiji na amplifaya, mashine ya kukuza sauti iliyoendeshwa kwa jenereta, na spika. Transfoma ilikuwa stoo, Korogwe. Nikaomba siku mbili niifuate. Nikaulizwa kama napinga maendeleo. Wakati ule swali hilo halikuwa la mzaha, nami nikanywea. Hadi leo najichukia kwa jinsi nilivyonywea upesi.

Nikaunganisha hivyo hivyo, waya kwa waya. Siku moja kabla ya mkutano niliwasha jenereta, nikagusa sanduku la simu, lililokuwa la chuma, kwa mgongo wa kidole, kama tulivyozoea mafundi. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimevaa katambuga za tairi, na sakafu ilikuwa ya udongo mkavu. Kipimo cha kweli kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Sikukitoa kwa sababu nilijua kitaniambia nini.

Wa kupokea simu alikuwa katibu wa kijiji, mwanamke wa Mpale aliyeolewa huku, mcheshi asiyeweza kukaa kimya.

"Fundi, kesho nikikosea maneno mbele za watu, zima hiyo mashine yako," aliniambia.

Nikacheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Asubuhi alifanya kile ambacho kila mwenye nyumba huku hufanya akitegemea mgeni mkubwa. Ofisi ikafagiwa, sakafu ikanyunyiziwa maji vumbi litulie, na aliyeingia akavua viatu mlangoni. Mimi nilikuwa uwanjani nikihangaika na spika. Nikawasha jenereta. Simu ikalia, kisha ikanyamaza, na spika ikaanza kukoroma bila sauti ya mtu. Watu wakacheka. Nikakimbilia ofisini nikidhani waya umechomoka. Mlangoni niliona ndara zake, kisha sakafu iliyolowa, nikaelewa kabla sijamtazama yeye. Niligeuka mbio kwenda kuzima jenereta. Niliporudi alikuwa chini, mkono wa simu bado umo kiganjani mwake, na hakuamka tena.

Msibani nilienda. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Mpale, amekaa mkekani na wanawake wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Ile simu, mwanangu, uliipima?"

"Niliipima, mama."

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi siku yake ilikuwa imefika," akasema. Akaagiza niletewe chakula, kwa kuwa nimetoka mbali. Nikanawa, nikala, nikamaliza.