Zilifika Salamu Tu

Simu za mkononi zilipopanda hadi kwetu Ufipa, zilikuja na watu wake: vijana wenye kalamu mfukoni ambayo hawakuiandikia kitu, wakijiita wataalamu wa mawasiliano. Mmoja alikuwa na kibanda karibu na stendi ya Sumbawanga. Ukutani alibandika karatasi: TUMA BARUA PEPE KWA MESEJI, DUNIA NZIMA. Mtu ambaye hajafika hata Mbeya alikuwa akiuza dunia nzima.

Tulimwendea kwa sababu ya babu. Alikuwa amelala nyumbani Kaengesa, uji wa ulezi haupiti tena kooni, na kila alipozinduka aliuliza kama kaka yangu amefika. Babu ndiye aliyemlea. Kaka alikuwa chuoni Dar es Salaam, hana simu, ana anwani ya barua pepe tu aliyoifungulia kwenye kompyuta za chuo. Barua ya posta ingechukua wiki mbili. Babu hakuwa na wiki mbili.

"Andika," baba aliniambia pale kibandani. "Si wewe ndiye mwandishi?"

Nami, mpumbavu niliyekwisha kujaza madaftari mawili ya riwaya, niliandika. Baba alitamka salamu zake, za mama, za shangazi wa Mpui, za paroko. Kwetu habari mbaya hukaa nje kwanza, ikisubiri salamu ziishe. Nikaongeza za kwangu: ukungu ulivyolala juu ya mahindi. "Sote hatujambo," nikaandika, kama barua zinavyoandikwa, kisha "ila babu", na hapo ndipo yalipoanza yale yaliyotuleta mjini.

"Mbona ndefu, dada?" mtaalamu aliuliza. "Lakini usijali. Simu inaikata yenyewe vipande viwili, vinaenda vyote. Poa kabisa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mzee, hii ni teknolojia."

Alilitamka neno lile kama mtoto wa kwaya anavyotamka Kilatini: kwa sauti nzuri, bila kujua maana.

Siku ya tatu tulikuta jibu kwenye simu yake. Akatusomea huku akitabasamu: "Nimefurahi sana kusikia nyote hamjambo. Mwambieni babu nitakuja likizo."

Baba aliketi juu ya kreti la soda. Mimi nilimuuliza mtaalamu kile kipande cha pili kilikwenda wapi. Akakiri kwamba anwani ya kaka ilikuwa mwanzoni mwa kipande cha kwanza tu. Cha pili hakikuwa na pa kwenda. Na alilijua hilo siku zote!

"Wateja wengi hawarefushi hivi, dada."

Nilimnyang'anya simu. Nikaandika anwani, halafu: Babu anakufa. Anakuita. Njoo leo.

"Unamwandikia kaka yako hivyo?" baba alisema. "Bila hata salamu? Atadhani tumemkasirikia."

"Adhani."

Kaka alishuka kwenye basi la Mbeya siku nne baadaye, nyusi zimejaa vumbi. Babu tulikuwa tumemzika jana yake. Alisimama mbele ya udongo mbichi, akatoa mfukoni karatasi mbili alizochapisha chuoni.

"Ipi uliandika wewe?"

"Zote mbili."

Ile fupi akaikunja, akairudisha mfukoni. Ile nyingine akanipa.