Mzabibu wa Mlango wa Abiria

Mama mfagiaji wa uwanja wa ndege wa kisiwani hufagia ameinama kama mvuna zabibu, na kila ndege inapotua husita, mkono kiunoni. Zamani ndege zilitua juu ya udongo, mbuzi wakifukuzwa kwanza, na baba yake akiwapokea wageni kwa zabibu za shamba lake, lililokuwa hapa hapa. Kisha wakubwa wa kisiwa walilitwaa, wakalifunika zege. Penye ufa wa zege, kwenye mlango wa abiria, umechipua mzabibu. Huunywesha maji ya ndoo kabla hajatia sabuni.

“Mama, ng'oa hilo gugu!” alifoka msimamizi Stamatis.

“Gugu ni wewe, mwanangu. Huu ulikutangulia.”

Kesho yake asubuhi Stamatis akaja na jembe. Akamkuta amesimamisha kibao cha manjano cha kuonya utelezi mbele ya mzabibu, naye kando, ufagio mkononi. Abiria wakazunguka. Mwishowe Stamatis naye akazunguka.