Mkono wa Kinyozi Beatus

Beatus alikuwa kinyozi Ifakara, kwenye barabara ya kwenda Lupiro, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Kliniki walimvalisha kifaa kama saa, kinachorekodi mtetemeko huo, ili daktari ajue dawa inamsaidia kwa muda gani. Baada ya wiki alirudi na mkewe, Konsolata.

Daktari aliitazama kompyuta. "Mzee, kila mchana hapa hakuna kitu. Ulikuwa unakivua?"

Beatus alijua kwamba akisema kweli, ataambiwa aache wembe.

"Kilikuwa kinabana," alijibu.

"Baba Gladness," Konsolata alisema taratibu, "jana ulimkata mteja wako Fridolin sikio."

Mkono ukaanza kucheza juu ya meza, mbele yao wote. Safari hii hakuuficha.

"Ukianza hivi, nakivua," alisema. "Nikiacha wembe tutakula nini?"

"Basi dawa inaisha nguvu mchana. Tutaongeza dozi ya saa sita. Lakini wembe uweke chini kwanza, tupime tena."

Beatus alinyoosha mkono, akavalishwa kifaa upya. Kesho yake alinyoa kwa mashine tu, na waliotaka wembe akawaelekeza kwa jirani.