Vyungu Arobaini vya Dalmas Were

Niwaeleze habari za Dalmas Were, mtu wa Funyula, mpole kupita kiasi. Tangu mwaka 1969 alitunza vyungu arobaini vya nyanya katika nyumba ya vioo ya kituo kimoja cha utafiti, ng'ambo ya Loresho. Nyanya zenyewe hazikuwa za kula. Ndani ya mizizi alifuga minyoo, ile midogo inayoivimbisha: vyungu vya kushoto aina moja, vya kulia aina nyingine iliyo kali zaidi. Ukiitazama kwa hadubini inafanana, hata wataalamu hubishana. Lakini kwa kuamini vyungu hivyo, kituo kilikuwa karibu kuwapa wakulima mbegu ya nyanya iliyojaribiwa humo ikaonekana kuishinda ile minyoo ya kulia.

Mwaka 1975 Daktari Indu akaleta njia mpya. Unamponda mnyoo mmoja, majimaji yake unayatia kwenye jeli, unapitisha umeme, halafu unamwaga rangi. Vimeng'enya vyake vinajichora mistari, na kila aina ina mistari yake.

Wakaponda wa kushoto. Wakaponda wa kulia, mmoja, kumi, ishirini. Mistari ikawa ileile.

"Bwana Were," Indu akasema polepole, "kulia hakuna ile kali. Iko hii ya kushoto tu."

Dalmas akakaa kwenye ndoo.

"Pengine panya," Indu akaendelea. "Wamemwaga udongo huku na huku. Mimi nitaandika panya."

Sasa, kuna mwaka, mbegu ile ikiwa bado haijajaribiwa, maji ya mfereji yalikatwa wiki tatu. Dalmas alikuwa akikinga kwa visahani maji yaliyochuruzika chini ya vyungu vya kushoto na kuvinywesha vya kulia. Kwao Funyula, maji ambayo mmea bado unaweza kuyanywa hayamwagwi.

"Si panya, Daktari. Ni mimi na yale maji ya visahani; yalibeba minyoo ya kushoto, ikaizidi ile kali mpaka ikaisha."

"Nikiandika hivyo watakutoa humu. Unajua?"

"Najua. Lakini ukiandika panya watadhani ni jambo la juzi tu. Hiyo mbegu isiende."

Haikwenda. Dalmas alivichemsha vyungu mwenyewe kwa mvuke ndani ya pipa ili kuua minyoo, kimoja kimoja, siku mbili nzima. Ajwang wa stoo akapita akamtania, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, "Omwami, leo unapikia nani?"

"Hakuna mgeni," Dalmas akajibu, akafunika pipa.

Jumatatu walimpa fyekeo akate nyasi za uani. Alikata vizuri. Alipofika karibu na nyumba ya vioo alizunguka kwa mbali, nyasi za hapo zikabaki ndefu, na hakuna aliyemuuliza.