Ng'ombe Wangu Kwenye Barua Pepe

Picha za ng'ombe wa mahari yangu nilizipunguza ukubwa mwenyewe, kwenye steshenari ya Kirumba ninakofanya kazi. Baba alikuwa amekwenda Kisesa kuwakagua nyumbani kwa mchumba wangu, akarudi na picha kwenye simu. Kwetu neno la mwisho juu ya ng'ombe ni la baba mkubwa, kaka yake baba, naye alikuwa ng'ambo, mgodini, ambako simu haziruhusiwi. Alipatikana kwa barua pepe ya ofisi tu. Asiporidhika, ng'ombe hawatoki, na harusi hakuna.

Nikaambatisha picha zote kwa mpigo. Zikagoma, eti mzigo ni mkubwa mno. Nikazibana mpaka basi, zikaenda. Jibu likaja: "Mwanangu, umenitumia mawe ya Ilemela?"

Ng'ombe walikuwa wamegeuka mabaka ya kijivu, kama majabali ya huku kwetu. Nilicheka, kisha nikaogopa. Wateja nawaambia kila siku kwamba picha ikibanwa sana inaharibika, nami nikalisahau hilo kwa haraka ya kuolewa. Safari hii nikaamua kukata. Nikaondoa anga, zizi na matope. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa amesimama katika kila picha, kofia kichwani, kajaza nafasi bure. Nikamkata naye. Wakabaki ng'ombe watupu, hadi madoa yanaonekana. Nikaandika shikamoo, nikatuma, nikajiona fundi kwelikweli.

"Marahaba. Ng'ombe nimewaona. Mwenyewe yuko wapi? Sipokei ng'ombe wasio na mtu."

Baba alipolisoma jibu hilo alishika kiuno. "Umemkata mkwe wako? Wewe mtoto wewe!"

Nikaanza upya. Nilipunguza vipimo vya picha bila kugusa ubora, nikatuma moja moja, kila moja na barua yake, mzee yumo mzima na kofia yake. Halafu nikangoja. Nilikuwa nafungua barua pepe hata ugali ukiwa jikoni, na siku moja niliuunguza. Nilimpenda yule mwanaume, sitaficha, na sikutaka kumkosa kwa sababu ya pembe za ng'ombe.

Hatimaye baba mkubwa akaandika: "Ng'ombe wamekonda kidogo, na yule mwekundu pembe zake sizipendi. Lakini mzee nimemtazama vizuri. Yuko katikati ya ng'ombe wake bila fimbo, na mmoja anamlamba mkono. Huko hawatakupiga. Nenda, mwanangu."

Nililia palepale kaunta, kwa furaha, mteja akisubiri fotokopi zake.