Marehemu Aliyeendelea Kuandika

Sogea karibu, mwanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Umeniambia kwamba mkuu wako anataka makala nyingi kabla mwaka haujaisha, na kwamba amekuonyesha njia ya mkato. Sikuulizi ni njia gani. Acha nikusimulie asubuhi moja ambayo hainitoki, nilipofungua kompyuta ya ofisini nikakuta mtu niliyemzika ameandika makala mpya.

Nilikuwa bado kijana katika kazi, nimepanga chumba hapa hapa Utemini, kabla sijajenga. Kituo chetu cha utafiti kilishughulika na alizeti na mtama, na bwana mkubwa wa alizeti alikuwa Dakta Elia, mwenyeji wa kijiji cha Issuna. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alivaa kofia ya pama iliyopauka kwa jua, na alikuwa mtu wa salamu. Njia nzima anasalimia, mpaka mnachelewa shambani. Homa ilimshika kiangazi kimoja, ikamchukua upesi. Tulimzika nyumbani kwao, na udongo nilitupia kwa mkono wangu huu.

Baada ya hapo mvua zilinyesha, watu wakalima, wakavuna. Ndipo ikaja asubuhi hiyo. Makala ilikuwa kwenye jarida la nje, na jina la kwanza juu lilikuwa la Dakta Elia. Nikasema moyoni, labda ni kazi aliyoiacha. Nikasoma. Ilieleza majaribio ya alizeti pale Issuna katika msimu uliokwisha juzi tu, msimu ambao yeye alikuwa chini ya udongo. Iliandikwa waziwazi kwamba vipimo vya shambani vilichukuliwa na yeye mwenyewe.

Nikafungua ukurasa wake, ule wenye picha na hesabu. Wewe unaujua mchezo huo, lakini wakati ule kwetu ulikuwa mgeni. Mtafiti anapimwa kwa makala alizotoa, na kwa watu wangapi wamezitaja katika makala zao. Hesabu ikipanda, cheo kinapanda. Picha ya Dakta Elia ilikuwa inacheka, na hesabu yake ilikuwa imepanda kupita alivyoiacha.

Nikaenda kwa mkuu wa kituo. Hakuwa mtu mkali. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai.

"Dada Hawa," akasema, "jina la Elia linavuta. Makala ikibeba jina lake, jarida linaipokea na watu wanaitaja. Jina lako wewe nani analijua?"

"Lakini ni marehemu, mzee."

"Basi halalamiki."

"Na vipimo? Nani alikwenda Issuna kupima?"

Akakoroga chai yake. "Hakuna aliyekwenda. Gari lilikuwa bovu msimu mzima, wewe mwenyewe unajua. Tumekadiria hapa mezani kutokana na miaka ya nyuma." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, "Makala yako ya mtama nayo tutaiwekea jina lake. Bila hivyo kupanda cheo usahau. Nenda Issuna, kamsalimie mama yake, umwambie mwanawe bado tunamheshimu. Akiridhika, na wewe roho yako itatulia."

Nikaenda. Sikukataa, nisikudanganye. Mwenye shida hasikii la mtu, nami cheo nilikitaka.

Nilishuka Issuna jua likiwa limekwishapanda. Mama yake Dakta Elia nilimkuta ameketi mlangoni anapepeta uwele. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka huko kazini kwao Elia?"

"Ndiyo, mama."

Akauweka ungo chini. Hakuniuliza habari za mjini wala za safari. Akaniuliza, "Mtamaliza lini kumtuma mwanangu?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Kumtuma wapi, mama?"

"Shambani. Msimu wote huu yuko pale. Jua likisimama katikati, naye yupo. Anainama, anapima, anasogea, anainama. Mimi ni mama yake, simwogopi. Ila namwonea huruma, kwa sababu amechoka."

Mzee Juma, jirani yake, alikuwa akipita na mbuzi wake. Mama akamwita, akamwambia, "Mweleze huyu binti ulichokiona."

Mzee Juma alitazama chini kwanza. "Nilimwona karibu kama ulivyo wewe hapo. Kofia ni ile ile. Nikamwamkia kwa jina, hakuitika. Nikaamkia tena, hakuitika. Hapo ndipo nikageuza mbuzi nikarudi nyumbani. Elia kutoitikia salamu?"

Mkuu amesema hakuna aliyekwenda, gari lilikuwa bovu. Mama na Mzee Juma nao hawakujua makala ni kitu gani, wala jarida, wala kilichoandikwa huko. Nani aliwaambia waone mtu anayepima?

"Twende," mama akasema.

Shamba la majaribio lilikuwa nyuma ya yale mawe makubwa, umbali wa kutuma mtoto chumvi. Alizeti iliyopandwa na wanakijiji ilikwishavunwa, yamebaki mabua makavu yamesimama kwenye mistari. Hapakuwa na upepo, na hata ndege hawakulia. Mama alinishika mkono tukasimama ukingoni, naye akaninong'oneza, "Usimwite. Kuitwa ndiko kunakomleta."

Nilikuwa naangalia mabua, mwanangu, nikaona mengine yanasogea. Halafu nikaiona kofia. Alikuwa ameinama kwenye mstari wa mbali na tepu ya kupimia mkononi. Akapima bua, akasogea. Akapima lingine, akasogea. Alipofika mwisho wa mstari alisimama kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha akarudi mwanzo wa mstari ule ule akaanza upya. Mgongo niliutambua, maana nilitembea nyuma yake miaka. Mara moja aligeuka upande wetu. Uso sikuuona vizuri kwa mwanga ule, lakini nilijua yeye hatuoni sisi.

Sijui tulisimama muda gani. Wingu dogo lilipita juu ya jua, na lilipokwisha kupita hapakuwa na mtu. Mama akaniambia niende nikatazame. Nilikwenda kwa sababu niliona haya kumwogopa mtoto wake mbele yake. Udongo ule ni mwekundu, laini, unashika hata unyayo wa kuku. Nyayo za kuku zilikuwepo. Nyingine sikuziona.

Nyumbani mama hakunifokea. Aliniwekea uji, akangoja ninywe, ndipo akasema.

"Nilimzaa, akasoma, akafanya kazi, akachoka, akafa. Kazi ya mtu ina mwisho wake. Ninyi mnamfanyia nini huko?"

Nikamweleza yote: jina, makala, hesabu inayopanda. Nikamweleza hata kwamba nilitumwa kuomba radhi yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama mnamheshimu, tajeni aliyoyafanya. Yapo, na yanatosha. Asiyoyafanya msimbebeshe, hana mgongo tena wa kubebea." Akanitazama. "Na wewe ukilitia jina lake kwenye kazi yako, utakuwa umemshika mkono umrudishe pale juani. Utaweza kulala?"

Mwanangu, la kuvunda halina ubani. Nilirudi mjini, nikamwandikia mhariri wa lile jarida maneno machache: mwandishi wa kwanza alikuwa amekwishakufa kabla ya msimu huo, na vipimo havikuchukuliwa na mtu yeyote. Yangu ya mtama nikaipeleka kwa jina langu peke yake. Mkuu aliposikia aliniita. Safari hii hapakuwa na chai.

"Unajua umejifanyia nini?"

"Najua, mzee."

Sikujua, kwa kweli. Makala ile iliondolewa, na jina la kituo likachafuka, na wenzangu wengine wakaacha kula meza moja na mimi. Nilihamishiwa ghala la mbegu. Niliowafundisha kushika tepu walipanda vyeo wakanipita, nami niliwapongeza kwa mdomo, moyoni nikaumia. Yangu ile ya mtama ilitajwa na watu wachache mno, wawili kati yao wakiwa wanaipinga. Lakini mbegu niliyoandika habari zake iliota. Ukienda Kintinku utaikuta mashambani, na anayeipanda hajui mimi ni nani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Issuna nilirudi baadaye, makala ikiwa imekwishaondolewa. Nilimkuta mama palepale shambani, na jembe, analima mistari ya alizeti yeye mwenyewe, mchana wa jua. Nikamuuliza kwa macho. Akafuta jasho, akasema, "Kumetulia," akaendelea kulima. Nikavua viatu nikamsaidia mpaka jioni. Ninayo elimu, na elimu yangu hainisaidii kukueleza kile nilichokiona.

Basi sikiliza nasaha yangu. Hesabu hizo usizidharau, maana zinalisha watu, na anayesoma kazi yako akakutaja amekufanyia heshima. Lakini wingi si hoja. Andika ulichokipima, pima ulichokwenda kukiona, na asiyekuwepo usimwandike kuwa alikuwepo, awe hai au mfu. Ukiwekwa kupima kazi ya wenzako, kama nilivyowekwa mimi uzeeni, isome kazi yenyewe kabla ya kutazama namba zake. Na mkuu wako akikuambia marehemu halalamiki, mwitikie kwa adabu, kisha ondoka bila kufanya alilokutuma.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi ya kweli na nguvu za kuifanya. Akujalie wanaokutaja wakutaje kwa ulichokitenda. Na siku yako itakapofika, ambayo iwe mbali, akulaze mahali pa utulivu, pasiwe na mtu wa kukuamsha.